Mama Alivyotafsiri Senema ya Karani

Kila nikifunua sufuria ya mihogo na mvuke ukanipiga usoni, narudi palepale: ukumbi wa mgodi wa Mpanda, Jumapili mchana, madirisha yamezibwa magunia ili giza lipatikane, nami nimepakatwa na mama.

Siku hiyo karani wa mgodi, Bwana Kuriani, mtu wa Malabari kule India, alikuwa ameletewa senema ya kwao, ya lugha yao ya Kimalayalam. Aliisubiri tangu masika. Alikuja na shati jeupe kama anakwenda kubatizwa.

Sisi tulizoea senema za Kihindi, za mapanga na nyimbo. Hii haikuwa na hata kisu cha maana. Watu peku, mvua, mitumbwi, mashamba ya mpunga. Wachimbaji wakaanza kuguna, wakamtaka mwendesha mashine aitoe, arudishe ile ya wiki iliyopita. Bwana Kuriani akasimama atueleze, lakini Kiswahili kikamkwama, akabaki anazungusha kofia mikononi. Mwendesha mashine akanyoosha mkono azime.

Hapo kwenye shuka lililotundikwa kuonyeshea senema akatokea mwanamke anamenya mihogo. Nyuma yake bibi kizee, kimya, anatazama maganda.

"Nyie, tulieni," mama akasema. "Huyo ni mama mkwe wake. Anaangalia kama maganda ni manene."

Watu wakacheka. Mmoja akamtania, "Mama Modesta, Kimalabari umesomea wapi?"

"Usevya."

Basi akaendelea. Mume ni mpole, ila anamwogopa mama yake. Sasa huyo mke atasema ameshiba, na hajashiba. Bwana Kuriani akageuka, macho yanang'aa. "Kweli, mama. Kweli kabisa." Mwendesha mashine akakaa. Mwanamke yule alipofunga mzigo arudi kwao, wachimbaji walewale walimsihi asiende.

Wiki nzima niliwatambia wenzangu kwamba mama anajua Kimalabari. Nikapanga nami nitakwenda huko, nikale mihogo yao.

Sikufika. Niliolewa. Siku moja jikoni kwa wakwe nikajikuta namenya maganda membamba, membamba, na hakuna aliyeniambia. Nikacheka peke yangu, nikamkumbuka mama kwenye giza lile la magunia. Usevya ndiko alikokuwa ameolewa. Hakuwa akibahatisha. Alikuwa akisimulia.