Amplifaya ya Mwezi wa Kimya

Ayikwei alikuwa kinyozi mzuri mwenye kasoro moja: alisikiliza kupita kiasi. Mashine ikiwa kichwani mwa mtu, akisikia kitu huko nje, labda mwanamke anaimba huku akifua, alisimama. Alisimama kabisa, mkono hewani, macho yakitazama dirisha bila kuliona, na mteja akabaki na nusu ya nywele. Mimi, Odai, mwenye kiti cha pili katika banda letu hapa La, mji wetu wa pwani, nimemalizia vichwa vingi alivyoanza yeye, na pesa akachukua yeye.

"Kaka, mteja," nilikuwa nikimwambia.

"Ngoja, Odai. Ameshuka vizuri sana hapo."

"Nani ameshuka?"

"Huyo mama. Sikiliza."

Nasikiliza. Nasikia feni.

Ujanani alipiga gitaa la pili katika bendi iliyozunguka kwenye harusi na misiba kuanzia hapa mpaka Tema. Gitaa la pili ni kazi ya ajabu. Unarudia kitu kilekile usiku kucha, hakuna anayekutazama, na ukinyamaza kidogo tu wote wanapotea njia. Ayikwei hakuwahi kukosea. Wenzake walimcheka kwa hilo, wakasema anapiga kama saa ya ukutani. Lakini Korkoi, msichana aliyekuwa akiuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi, nje ya kumbi, alimpendea hapohapo. Aliniambia mwenyewe siku moja akinihesabia samaki: "Mwimbaji alikuwa mzuri wa sura, shemeji, sikufichi. Lakini huyu alikuwa hakosei. Nikasema, ukiwa na mtu wa namna hii utalala usingizi."

Wakaoana. Bendi ikafa kama bendi zinavyokufa, mmoja Ujerumani, mmoja kanisani, mmoja kaburini. Ayikwei alibaki na gitaa lake jekundu la umeme, na hakuwa na pa kulichomeka. Alilipiga hivyohivyo, kavu, kila jioni barazani, miaka na miaka. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama kucha juu ya bati. Korkoi aliketi kando yake akifunga kenkey za kesho katika maganda ya mahindi, macho yamefumbwa, kichwa kinatikisika taratibu. Nikipita kwenda nyumbani niliwaona na nilikuwa nawaonea wivu, nasema ukweli. Mke wangu mimi akiniona nimeketi ananipa kazi.

Kisha masikio ya Korkoi yakaanza kuchoka. Ulikuwa mwaka wa pili sasa. Hospitali walimpa kifaa cha kuvaa sikioni, akakitia kwenye droo pamoja na hereni zake za harusi. "Kinaniletea mji mzima kichwani," alisema. "Mimi nataka sauti moja, chenyewe kinanipa mia." Ukimuuliza kama anasikia, anajibu anasikia vya kutosha. Ukibishana naye, anakupunguzia pilipili. Kwa hiyo hatukubishana.

Asubuhi moja Ayikwei alikuja kazini, akafungua banda, akakaa kwenye kiti cha mteja. Nikajua kuna jambo.

"Jana nilibadilisha wimbo katikati," akasema. "Nilikuwa napiga wa polepole, nikaingia wa haraka bila kusimama. Nilikuwa najifurahisha tu."

"Ehe?"

"Korkoi akaendelea kutikisa kichwa polepole."

"Labda alisinzia."

"Mikono ilikuwa inafunga kenkey, Odai. Anatabasamu kabisa." Akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. "Miaka miwili. Nilikuwa nampigia nani?"

Nilifagia sakafu iliyokuwa tayari imefagiliwa.

Siku hiyohiyo akaamua kununua amplifaya ya kulikuza sauti gitaa lake. Nilimwambia asubiri, kwa sababu mwezi wa kimya ulikuwa umeingia. Mahindi ya Homowo, sikukuu yetu ya mavuno, yakishapandwa, La yote inanyamazishwa: hakuna ngoma, hakuna spika za kanisa, hata makofi hayapigwi, mpaka wakuu wa mji waseme basi. Na sisi watu wa hapa tuna namna yetu moja ya kununua kitu cha sauti. Tunakifungua mpaka mwisho, pale pale dukani, na kile kinachotoa watu mtaa wa pili ndicho tunachobeba. Ningependa kukuambia kwamba mimi nina akili kuliko hao. Redio yangu ya nyumbani inatosha uwanja wa mpira.

"Utaijaribuje kwa mwezi huu?" nikamuuliza. "Utainusa?"

"Siwezi kungoja."

"Basi chukua kubwa kuliko zote, uifungue Homowo."

"Ndiyo nilivyofikiri," akasema. "Kubwa. Sauti imfikie."

Ila alitaka kuwa na hakika, na hakika haingepatikana kwa kumuuliza Korkoi, maana Korkoi angesema nzuri. Basi tukapanga. Angemchukua waende wote dukani, amwambie achague rangi, kwani yeye ndiye angekaa nayo sebuleni. Pale angepiga wimbo wa harusi yao, ule ambao bendi iliwapigia, na ndani yake atie makosa ya makusudi. Mke wa mtu asiyekosea angeshtuka. Akishtuka, amesikia. Mpango ulikuwa wangu, na mpaka leo najivunia.

Tulikwenda siku ya Jumanne tuliyofunga banda. Sijui nieleze vipi mji katika mwezi ule. Watu ni walewale, magari ni yaleyale, lakini kuna kitu kimeondolewa chini ya kila kitu, na unatembea kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Unasikia kandambili za aliye mbele yako. Unasikia bahari toka mahali ambapo miezi mingine hujui kama kuna bahari. Wahubiri wa kituoni wanasema na Mungu kwa sauti ya kawaida, na nadhani Mungu anashukuru. Korkoi alitembea katikati yetu amevaa kitambaa chake kizuri, ametulia, anatazama huku na huku kwa upole, na sikumwona hata mara moja akigeuza shingo kwa wasiwasi kama alivyokuwa akifanya siku nyingine njiani.

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa ghorofa ya pili, la mtu mmoja wa kabila la Waasante aitwaye Boadu. Alikuwa na huzuni ya mwezi huo.

"Karibuni, wazee wangu. Karibu, mama. Mtanisamehe, nauza vitu hivi kama nauza majeneza. Mteja anagusa mbao, anasema nzuri, anaondoka. Siwezi kufungua sauti. Mwaka jana mwenzangu mmoja alifungua kidogo tu, watu wa wakuu wa mji wakaja wakabeba duka."

"Tutafungua kwa unywele mmoja," nikamwambia.

Kwanza ilikuja ile kubwa, inafika kiunoni, Boadu akaikokota kwa magoti. Ayikwei akachomeka waya, akaketi. Boadu akazungusha kifundo cha sauti pole kama anafungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Gitaa likasema, lakini lilisema kama mtu mwenye kenkey mdomoni. Ayikwei akapiga wimbo wa harusi, akafika kwenye kona ya kwanza, pale wimbo unapogeuka, akatia kosa. Kosa kubwa, hata mimi niliona aibu. Korkoi alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa, anatabasamu.

"Nzuri, mume wangu."

Ya pili ilikuwa ya wastani, ina taa na vifundo vingi kama jiko la kizungu. Ukizungusha hiki unapiga ukiwa pangoni, ukizungusha kile unapiga ukiwa kisimani. Ilikuwa na mvumo wa chinichini kama nzi ndani ya chupa. Ayikwei akatia makosa matatu. Boadu alinitazama kwa jicho la kuuliza, huyu mzee kweli anajua gitaa?

"Hii ni nzuri zaidi," Korkoi akasema. "Na taa zake zinapendeza."

Nilimwona Ayikwei uso wake. Sitaki kuuona tena uso ule. Alikuwa amekuja akiwa bado na tumaini dogo kwamba mimi ndiye mwenye akili, kwamba mkewe alisinzia tu jioni ile. Sasa hata hilo likawa limekwenda. Akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Nitachukua ile kubwa," akasema kwa sauti ya chini. "Tutaifungua Homowo."

"Umechagua vizuri sana," akasema Boadu.

Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu kile kiboksi cheusi kilichokuwa mezani. Boadu alikuwa amekiwekea chupa ya chai juu yake.

"Hicho? Hicho ni cha kujifunzia chumbani, mzee. Vifundo vitatu. Hakiendi popote."

"Kiwashe."

"Odai, basi," akasema Ayikwei. Alikuwa amechoka, anataka nyumbani. Lakini Boadu alikuwa ameshaondoa chupa, na kiboksi kilikuwa pale juu ya meza, usawa wa kichwa cha Korkoi aliyeketi, urefu wa mkono mmoja tu toka sikioni mwake. Boadu akazungusha kifundo cha sauti nyembamba mpaka juu, cha sauti nzito akakigusa tu.

Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa nzima. Kila uzi ulisimama peke yake. Ayikwei alipiga bila moyo, hakukumbuka hata mpango wetu, alipiga kama mtu anayeaga. Alipofika kwenye ile kona ya kwanza kidole kikateleza. Safari hii hakikuwa kitendo cha makusudi. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake.

Korkoi akafumbua macho.

"Ayikwei."

Akaacha kupiga.

"Hapo umekosea," akasema Korkoi. "Rudia."

Ayikwei akarudi nyuma kidogo, akaja mpaka kwenye kona, na pale, kwa makusudi kabisa, akakosea vilevile. Korkoi akampiga kofi gotini.

"Umekosea tena! Mbele za watu! Una nini wewe leo, umezeeka?"

Ayikwei akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka, na mtu mzima wa miaka sitini na moja akalia kwenye stuli ya Boadu akiwa amekumbatia gitaa. Mimi nilitazama dari. Korkoi alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akaitazama ile kubwa na ile yenye taa. Si mtu wa kuelezwa kitu mara mbili.

"Odai," akasema, "na wewe ulijua?"

"Shemeji, mimi nilikuja kuangalia rangi."

Boadu, maskini, akaanza kueleza kwamba kubwa hazisemi mpaka zisukumwe, ila hizi ndogo husema zikiguswa tu, na kwamba angeniambia hivyo toka mwanzo kama mtu angemuuliza. Hakuna aliyemsikiliza. Tulinunua ndogo. Nilibeba mimi, na njia nzima hawakusemezana. Nikaogopa kwamba tumeharibu.

Jioni, jua bado lipo, kiboksi kikawekwa juu ya stuli barazani, sauti isiyovuka hata ukuta wa jirani. Nilitaka kuondoka. Korkoi akanishika mkono, akaniketisha. Nadhani alihitaji shahidi.

"Tangu mvua za mwaka juzi," akasema, akimtazama mumewe, "sisikii gitaa lako. Nikaona aibu. Nilikupendea hilo, halafu nikuambie silisikii? Basi nikawa nafumba macho na kuimba mwenyewe kichwani. Kila jioni nachagua wimbo ninaoutaka. Tumekwenda harusi nyingi mimi na wewe, hapo barazani. Ulikuwa unavaa lile shati la kijani."

Ayikwei alifuta nyuzi kwa kiganja. Bahari ilisikika.

"Na mimi nilikuwa napiga nyimbo zangu," akasema mwishowe.

"Zako zipi? Wewe huna nyimbo."

"Nilianza kutunga. Mwaka huohuo wa juzi. Ninazo kumi na moja. Ya kwanza nilikupigia, hukusema kitu. Ya pili hukusema kitu. Nikadhani hazikupendezi, unanihurumia tu. Nikaendelea kutafuta itakayokupendeza."

Korkoi aliweka chini ganda la mahindi alilokuwa ameshika. Sijawahi kumwona akiacha kenkey katikati. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, mkono ukiwa na unga, akabaki na unga usoni. Kisha akasogeza kiti mpaka goti lake likagusa kiboksi.

"Ngoma zinarudi baada ya siku kumi na nne," akasema. "Zikirudi sitasikia tena vizuri. Anza na ya kwanza."

Akapiga ya kwanza. Ilikuwa ya polepole, inazunguka, inarudi palepale kama gitaa la pili linavyorudi, na ilionekana kama mtu anayetaka kusema jambo na hathubutu. Korkoi hakufumba macho. Hakutikisa kichwa. Alisikiliza kwa uso mkali, kama anayepima samaki sokoni, mpaka uzi wa mwisho ukanyamaza.

"Hii si nzuri," akasema.

Ayikwei alitabasamu kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, akavuta gitaa karibu na kifua.

"Lete ya pili," akasema Korkoi.