Niliuza Monita ya Mama Mkubwa Ili Niolewe

Nina hatia, na sitaki mtu anitetee. Niliwaibia watu walionilea! Nisikilizeni tu, maana hapa Mbinga sina wa kumweleza.

Baba mkubwa ni mwalimu mstaafu, anaishi Kihagara. Zamani mzungu aliyefundisha naye aliporudi kwao alimwachia kompyuta ya nyumbani, zile za kizamani, na monita yake ya chogo. Kubwa hiyo! Ukiibeba peke yako kiuno kinalia.

Mama mkubwa alipopata kiharusi, maneno yaliisha. Ukabaki mkono mmoja mzima. Baba mkubwa akawa anamketisha mbele ya monita, wanacheza ule mchezo wa kampira kanakobomoa matofali. Matofali yakiisha, mama mkubwa anacheka. Jamani, anacheka! Hakuna kingine kilichomchekesha.

Nami nilikuwa na mchumba, fundi simu wa mjini. Nimwite Gervas. Kila nikigusia mahari, anasema mambo magumu. Siku nilipompeleka Kihagara kusalimia, baba mkubwa alimfungia samaki wakavu, mbasa wa ziwani, akamwita mwanangu. Gervas yeye macho yote kwenye monita.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Kuna mtu Dar anakusanya vitu vya zamani. Monita kama ile anaitafuta kwa udi na uvumba. Tuiuze, mahari ipatikane."

"Mahari ya baba mkubwa itoke kwenye kitu chake mwenyewe?"

"Tutampelekea monita ya kisasa, flati, ataona vizuri zaidi. Au hutaki ndoa?"

Nilitaka ndoa. Ole wangu!

Nikashuka tena Kihagara, nikamdanganya baba mkubwa kwamba monita inaanza kufifia, Gervas ataitengeneza bure. Hakuuliza hata swali. Aliifunga kwa blanketi isigongwe kwenye basi, akasema, "Mshukuru sana mkwe wangu."

Nilimkabidhi Gervas kwa mikono yangu hii. Akaiuza. Kila nikiuliza mahari inapelekwa lini, ananiambia tulia. Flati yenyewe ilikuwa mtumba; niliipeleka Kihagara nikisema ni ya kushikilia wakati ile inatengenezwa. Baba mkubwa aliichomeka, ikabaki nyeusi tii. Ile kompyuta haikukubali kioo kingine.

Jumapili moja kanisani, katekista akasimama kusoma matangazo ya ndoa. Gervas wa hapa mjini na Edista wa kijiji cha Ukata. "Anayejua kizuizi chochote atoe taarifa."

Kizuizi? Kizuizi si mimi hapa, nimekaa kwenye benchi! Lakini ningesimama niseme nini? Kwamba mahari iliyokwenda Ukata nilimwibia mgonjwa?

Nilimkuta nje baada ya misa. "Gervas, umenifanya nini?"

Hakuona hata haya. "Wewe umewaibia waliokulea. Mimi nitakuaminije ndani ya nyumba?"

Mungu wangu! Yeye ndiye aliyenituma!

Tangu hapo simu zangu hapokei, na mnunuzi wa Dar anamjua yeye peke yake. Nikaenda Kihagara mikono mitupu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Imepona?"

Nikamwambia yote. Nikatamani anipige. Akasema tu, "Mimi nitakusamehe. Lakini mama yako mkubwa kamwambie mwenyewe."

Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikashika ule mkono wake mmoja, nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauchomoa mkono wake taratibu, akageuzia uso ukutani. Mpaka leo nikiingia chumbani, anageukia ukuta.

Dada zangu, mwanamume akikuomba uwaibie wenu ili akuoe, kimbia! Usijidanganye kwamba mnajenga maisha. Ukishamkubalia, kwake wewe si mke tena. Ni mwizi tu aliyemsaidia kazi.