Bangili ya Kijivu

Mwanangu niliyemzaa mwenyewe, kwa uchungu wa saa kumi na tisa, nilikatazwa kumchukua mlangoni kwa sababu mimi ni yaya.

Ndiyo, yaya. Na tumbo la miezi saba limenitangulia.

Sijasimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi, kwenye hoteli ya ufukweni, mchana kweupe, watu wazima wakinywa juisi kwa mirija.

Ngoja nianze na miguu, maana miguu ndiyo iliyoniponza.

Mimba hii ya pili ilinivimbisha miguu mpaka viatu vyote vikanikataa. Daktari akasema nipumzike. Mume wangu akasema amepata mahali pa kunipumzisha. Dada yake, yaani wifi yangu, alikuwa ametulipia siku nne sote: yeye, kaka yake, mimi, na binti yetu wa mwaka mmoja na miezi kumi. Nyumbani tunamwita Kipusa.

"Wifi, safari hii kazi yako ni kukaa tu," aliniambia kwenye simu. "Mtoto niachie mimi."

Nikatokwa na machozi ya shukrani. Mjinga mimi.

Wifi hana mtoto. Ana miaka arobaini na miwili. Ameolewa, ameachwa, ametibiwa, amechoka kutibiwa. Sijawahi kumcheka kwa hilo. Naliandika mapema ili asije mtu akaniambia sikuwa na huruma.

Nilikuwa nayo. Iliisha.

Sasa sikia kichekesho. Mimi ni karani wa masjala hospitalini. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, nimeitundika sebuleni juu ya televisheni. Kutwa nakemea watu dirishani: "Soma kabla hujaweka sahihi! Fomu si kadi ya harusi!"

Tulipofika mapokezi, Kipusa alikuwa analia, miguu inaniwaka moto, na wa tumboni anapiga kibofu mateke. Mume wangu akajaza fomu ya wageni. Akanisogezea.

"Weka sahihi hapo chini, mama Kipusa, ukakae."

Nikaweka.

Sikusoma hata neno moja.

Tukafungwa bangili za plastiki mkononi. Wifi kijani. Mume wangu kijani. Kipusa kijani, yenye namba moja na ya shangazi yake. Mimi kijivu.

"Mbona yangu ya rangi nyingine?" nikauliza. Mpokezi alikuwa ameshageukia wageni wengine.

"Ya wajawazito hiyo," mume wangu akanijibu. "Ili wakuangalie vizuri."

Nami nikaivaa kwa maringo! Nikapita nayo mbele za watu nimeinua mkono kama bibi harusi anayeonyesha pete.

Chumba kikubwa kinachotazama bahari akakichukua wifi, na kitanda cha Kipusa kikawekwa humo. Mume wangu akalala kwenye kochi lao, "nimsaidie dada na mtoto." Mimi nikapelekwa nyuma, chumba kinachopakana na dobi. Mashine za kufulia zilianza kunguruma kabla jua halijatoka.

"Sauti ya mawimbi si nzuri kwa mimba," akanieleza.

"Nani kasema?"

"Nimesoma."

Mwanamume ambaye hajawahi kusoma hata maelekezo ya dawa ya kikohozi.

Bwawani nikijilaza kwenye kiti cha jua, mhudumu ananijia polepole: "Dada, samahani, hapa si pako. Kule nyuma kuna benchi." Nikadhani wanahofia utelezi.

Chakulani nikaonyeshwa meza ya pembeni, walipokaa wanawake wawili wenye bangili za kijivu kama mimi. Nikawatazama matumbo. Bapa. Nikajisemea, mimba changa hizi, Mungu awatie nguvu.

"Familia yako wanakufanyisha kazi na tumbo hilo?" mmoja akaniuliza kwa huruma.

"Hapana, hapa nimekuja kupumzika."

Wakatazamana. Yule wa pili akanisogezea mkate wake.

Kila nikimsogelea Kipusa, wifi ananifukuza kwa upole. "Pumzika wewe. Unajichosha bure." Siku ya pili nikamkuta ameshika kikombe cha aiskrimu, kijiko kiko mdomoni kwa mtoto. Nikakipokonya.

"Wifi, nilishakwambia. Maziwa hayamkai tumboni. Atakuharishia hapa hapa."

"Mnamdekeza," akasema, na tabasamu likamtoka usoni. "Tumbo la mtoto linafundishwa."

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nikamtamani mwanangu. Nikajikokota mpaka chumba cha michezo ya watoto. Mlangoni alikaa mama mmoja mnene, miwani imening'inia kifuani, daftari mapajani. Kazi yake ni kulinganisha bangili. Namba ya mtoto ikifanana na ya mama, mtoto anatoka. Isipofanana, hatoki.

Akatazama mkono wangu. Akatikisa kichwa.

"Huyu siwezi kukupa, binti."

"Mimi ni mama yake."

"Wewe ni yaya."

Nikacheka. Kweli kabisa, nilicheka. Kipusa akaniona, akaja mbio na mikono juu. "Mama!"

"Si unamsikia?"

"Wadogo hawa huwaita yaya zao mama," yule wa mlangoni akasema bila ubaya wowote. "Nimewazoea."

Nikadai fomu. Akaitoa.

Safu ya tatu iliandikwa: Uhusiano na mtoto. Wifi: mama. Mume wangu: mjomba. Mimi: yaya. Mwandiko wa baba wa mtoto wangu, herufi zimelala kama kawaida yake.

Na chini kabisa, sahihi yangu. Ile ile yenye mkia mrefu ninayotamba nayo ofisini.

Wifi akatokea, kofia pana kichwani. Akaangalia fomu, akaniangalia mimi, hakushtuka hata kidogo.

"Kuna nini tena? Mimba inamchanganya huyu, maskini. Tumeshamzoea."

"Wifi, umelewa?"

"Muulizeni mtoto," akasema. Akachuchumaa, akafungua kiganja. Pipi nyekundu. "Kipusa, mama yuko wapi?"

Mwanangu akanitazama. Akaitazama pipi. Nilihesabu pumzi zangu, zilikuwa mbili.

Akanyoosha kidole kwa shangazi yake. "Mama huyu."

Siku tatu tu zilitosha kumfundisha.

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, taulo begani, ameona yote.

"Sema," nikamwambia.

"Tusifanye fujo mbele za watu. Twende chumbani."

Chumbani, mashine za dobi zikinguruma ukutani, akayatapika yote. Walishakaa kikao, yeye, dada yake na mama yao. Huyu wa pili akizaliwa, Kipusa ahamie kwa shangazi. Hapa walikuja kupima kama mtoto atamzoea. Mahali ambapo hakuna anayewajua, ili dada naye ajisikie mama, hata kwa siku nne.

"Na mimi mngeniambia lini?"

"Ukishajifungua. Hatukutaka kukupandisha presha."

Tazama roho ya mtu. Hakutaka kunipandisha presha.

"Kesho Kipusa ataondoka na dada," akaendelea, macho kwenye viatu vyake. "Akae naye wiki mbili kwanza, miguu yako ipoe. Ukimzuia utamuua dada yangu. Umempata mmoja, unapata wa pili. Yeye je?"

"Nenda mapokezi ukasahihishe fomu."

"Ya nini kumwaibisha?"

Nikaenda mwenyewe mpaka getini kupima kama naweza kutoka na mwanangu. Mlinzi alikuwa na adabu zake zote. Mtoto wa bangili ya kijani hatoki na mtu wa bangili ya kijivu. "Yaya wengine huiba watoto, dada. Usinielewe vibaya."

Basi nikarudi kwenye benchi langu. Sikulia. Nilikaa nikiwaza kama karani.

Siku ya nne, saa sita mchana. Wifi alikuwa bwawani na mashoga zake wapya watatu, waliomjua kwa jina moja tu: mama Kipusa. Amevaa gauni jeupe refu, la kupigia picha. Kipusa kavalishwa nguo ya kuogelea ya njano. Nepi wamemvua, eti inatuna vibaya kwenye picha.

Kikaja kikombe cha aiskrimu.

Wifi akanitafuta kwa macho mpaka akanipata kule nyuma. Akahakikisha namwona. Kijiko cha kwanza kikaingia mdomoni kwa mwanangu.

Nilikuwa na nafasi ya kuinuka. Hatua ishirini hazikuwa nyingi, hata kwa miguu ile.

Nilikaa.

Kikombe cha pili. Nilikaa. Cha tatu. Nikanyoosha miguu juu ya benchi.

Nusu saa haikupita.

Bwana mmoja aliyepiga mbizi aliibuka mdomo wazi, na sitaeleza zaidi ya hapo. Firimbi ikalia. Watu wakaruka nje kama samaki wanaokwepa wavu. Mtoto mmoja wa njano akabaki amesimama kwenye ngazi za maji mafupi, analia, ameshika tumbo, na maji yanayomzunguka si ya buluu tena.

Kipaza sauti kikakoroma: "Mama wa mtoto wa bangili ya kijani namba arobaini na moja, fika bwawani mara moja. Mtoto wako amechafua bwawa."

"Mama gani huyu asiyemvisha mtoto nepi!" mtu akafoka.

"Arobaini na moja nani? Ajitokeze!"

Mashoga watatu wakautazama mkono wa wifi. Kisha wakasogea kando, mmoja baada ya mwingine.

Kipusa akapanda ngazi, akamkimbilia. Mikono mbele, imechafuka. "Mama! Mama!"

Wifi akarudi nyuma akilinda gauni. "Usinishike! We, usinishike! Mtoeni huyu!"

"Si mtoto wako, mama?" akauliza mlinzi wa bwawa.

"Si wangu! Mama yake yule pale, mwenye tumbo!"

Bwawa zima likanigeukia. Nikainua mkono taratibu, bangili ya kijivu ikaonekana vizuri.

"Mimi ni yaya tu," nikasema. "Na leo napumzika."

Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Kipusa alikuwa katikati. Mwenye gauni amemkimbia, mwenye tumbo hajainuka. Akawa anatetemeka, anamtazama huyu, anamtazama yule, amenyamaza ghafla. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi kumi, hajui amlilie nani.

Na bado sikuinuka. Nilitaka liandikwe.

"Lete fomu," nikamwita yule mama wa miwani, aliyekuja mbio aliposikia kelele. Akaileta. Nikachukua kalamu yake. Kwenye mstari wa wifi nikakata neno "mama", nikaandika "shangazi" juu yake kwa mwandiko ulionyooka, nikamsogezea.

"Sahihi hapa, kwamba mtoto si wako. Soma kwanza."

Akaweka sahihi. Bangili yake ikakatwa kwa mkasi mbele ya mashoga zake. Yangu nayo ikakatwa.

Ndipo nikambeba mwanangu, na uchafu wake wote, nikambana kifuani.

Mume wangu akatukuta kwenye njia ya chumbani. "Umemwaibisha dada yangu mbele za watu."

"Pisha, mjomba," nikamwambia.

Na mpaka leo namwita hivyo.

Wiki tisa baadaye uchungu ulinishika saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeshahamia kwa mama yangu, lakini mwenye gari ni mume wangu, akaniendesha. Mlangoni pa wodi ya wazazi, muuguzi akatoa fomu. Mwenye ruhusa ya kuingia ni mume peke yake.

"Huyu aliyekuleta ni nani wako?"

Nilimtazama. Ameshika begi la nguo za mtoto, jasho linamtiririka, macho yananiomba.

"Dereva," nikasema.

Muuguzi akaandika. Mtoto wa kiume alizaliwa saa kumi jioni. Baba yake aliambiwa habari hizo kesho yake, kwenye benchi la madereva, na mfagizi.

Fomu ile niliisoma neno kwa neno, ndipo nikaweka sahihi.

Mnaotaka funzo, hili hapa: ukiwa umechoka, ukiwa umevimba, ukiwa unampenda anayekushikia kalamu, soma walichokuandika. Watu wako ndio wenye mwandiko mbaya kuliko wote.

Ila msinipigie makofi. Usiku Kipusa akiumwa tumbo hamwiti mtu. Anakaa kitandani, ameshika tumbo, ananitazama kimya, anangoja aone kama nitainuka.

Nainuka kila mara. Bado anangoja aone.