Kishada Kwenye Maji ya Wavuvi

Kishada cha kwanza nilichokigusa kilifika kwenye kibanda changu cha kushona, Kavimvira, kikiwa kimesokomezwa ndani ya gunia. Kilikuwa kimechanika kutoka ncha moja hadi karibu na katikati. Aliyekileta alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, mwalimu wa mchezo wa kuteleza ziwani: mtu anasimama juu ya ubao, kishada kikubwa kinamvuta kwa upepo. Alikuwa amezunguka kwa mafundi wa kwao, wote wakamwambia kitambaa hicho hakishoneki.

Nilikitandaza mezani, kikajaa meza, kikamwagika hadi mlangoni. Kilikuwa chepesi kama ganda la kitunguu lakini kigumu kuchanika kwa mkono. Nilitafuta sindano nyembamba kuliko zote nilizonazo, nikapunguza mvuto wa uzi, nikashona mshono wa kupindapinda ili upepo ukikivuta uzi usikate. Mwalimu aliporudi, alipitisha kidole juu ya mshono wote polepole, halafu akatia mkono mfukoni.

"Sitaki pesa," nikamwambia. "Nifundishe."

Alicheka. Akaniangalia, akaona mimi sicheki. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mjane, mwenye kiuno kipana na magoti yanayolia nikipanda ngazi. Lakini kuogelea nilijua tangu sijajua kusoma, na siku zile mbili nilizokaa na kile kitambaa nilikuwa nimejiuliza bila kuacha: huyu mnyama akiamka, anavuta namna gani?

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa tunayeishi naye nyumba moja, alipopata habari alipiga makofi ya mshangao.

"Weye uko na wazimu! Juu ya nini usikae tu ku mashini yako?"

"Mashini itanikuta."

"Itakukuta wapi? Mu tumbo ya mamba?"

Hata hivyo, nilipovuka mpaka kwa somo la kwanza, alikuja nami. Alibeba kitenge kikavu cha kunifunika na chupa ya chai, akaketi mchangani na kununa kwa sauti kubwa ili nisikie.

Nilidhani nitaingia majini siku hiyohiyo. Mwalimu alinikalisha nchi kavu. Alinifunga mkanda mpana kiunoni, akaunganisha ile fimbo ya kuongozea yenye kamba zake nne, akanionyesha kishikio chekundu mbele ya tumbo langu. "Kabla ya kujifunza kukirusha, utajifunza kukiua," akasema. Kishikio ukikisukuma, nguvu yote inakatika, kishada kinaanguka kama nguo iliyodondoka kambani. Alinifanyisha hilo nikiwa nimesimama, nimekaa, nimefumba macho, nimelazwa chali. Kila nilipoanza kufurahia upepo alipiga kelele, "Ua!" nami nikaua, hadi mkono ukawa unakwenda wenyewe bila kuniuliza.

Yaliyofuata yalikuwa ni heshima, na aliyafundisha kwa ukali uleule. Usirushe kishada kabla ya kutazama upande upepo unakoelekea, maana ukikosea ndiko utakakotupwa, na waliopo huko ndio utakaowaumiza. Anayetoka ufukweni apewe njia na anayerudi. Mkikutana uso kwa uso, mwenye mkono wa kulia mbele anaendelea na njia yake, mwingine anampisha. Aliye upande unakotoka upepo ainue kishada chake juu, wa upande wa pili ashushe chake, kamba zisionane. Usiruke karibu na waogaji hata kama unajua kuruka. Na mtumbwi, uwe na mtu mmoja au kumi, unapishwa siku zote.

"Kwa nini siku zote?" nilimuuliza.

"Wewe unacheza. Yeye yuko kazini."

Nilimeza maji mengi. Nilivutwa kwa tumbo, nikageuzwa, nikapoteza ubao na kuufuata nikiogelea. Kisha alasiri moja miguu ilikaa sawa, ubao ukapanda juu ya maji, nikasikia sauti nyembamba chini yangu kama mkasi unaopita kwenye hariri. Niliteleza hatua chache tu kabla ya kuanguka. Nilipoibuka, Yaya alikuwa amesimama, kitenge kimeanguka mchangani, na alikuwa amesahau kununa.

Mwalimu aliniuzia kishada kile nilichokishona pamoja na ubao mkuukuu, nikamlipa kwa kuwashonea wanafunzi wake vishada kwa miezi mingi. Hapo ndipo nilipotaka kuteleza kwetu, Uvira, kwenye ufuko ulio chini kidogo ya mtaa wa Mulongwe.

Ufuko huo una wenyewe. Asubuhi wanawake wanafua hapo na kuchota maji. Wavuvi wanaanika nyavu, mitumbwi inatoka na kurudi. Upande wa kaskazini, tangu ziwa lilipopanda, kuna kuta za nyumba zilizomezwa, na nondo zake zinachungulia majini kama miiba. Sikuthubutu kufungua gunia langu kabla ya kupiga hodi. Nilikwenda kwa papa, yaani baba, anayewaongoza wavuvi wa hapo, mzee mwenye mabega mapana na sauti ya chini, nikamkuta anaziba ufa wa mtumbwi.

Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kazi.

"Mama," akasema, "parashiti yako haina shida na miye. Shida iko ku kamba. Ile kamba ikipita mu nyavu yangu, bana bangu balale njala?"

"Nionyeshe nyavu zilipo, Papa. Sitapita."

"Na bamama benye kufula? Na batoto benye kuoga?"

"Asubuhi ni yao. Mimi nitakuja alasiri tu, upepo wa kusini ukishakaa. Upepo wa mlimani ukishuka, sipandi kabisa, maana ule unampeleka mtu katikati ya ziwa."

Hapo aliacha kuziba ufa, akaniangalia vizuri. "Ule upepo unaujua?"

"Ninauogopa."

"Basi unaujua."

Tuliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, yeye, wavuvi wenzake na mama mmoja aliyewasemea wafuaji, tukagawana maji. Nyavu zao zingewekewa bidoni za njano, madumu matupu yanayoelea, nami nisizivuke. Nirushie kishada mahali patupu upande wa kusini, mbali na zile kuta. Mitumbwi nitaipisha. Mwisho papa akaongeza neno lake: "Mwenye kuwa ku maji anaangalia mwenzake. Siye tukizama, unakuja. Weye ukianguka, tunakuja." Tukapeana mikono, na mikono yao ilinuka samaki na lami.

Msimu wote wa kiangazi niliteleza peke yangu, nikitoka na kurudi kama mshono wa kwenda na kurudi. Kitu kimoja kilinishinda: kugeuka. Kila nilipofika mwisho wa njia yangu nilianguka, nikakaa majini, nikaanza upya kuelekea nyumbani. Wafuaji waliobaki hadi alasiri walikuwa wakinihesabia maanguko kwa vigelegele.

Kisha Jumapili moja, baada ya misa, mwalimu alivuka mpaka na watelezaji wengine watatu kuja kututembelea. Habari ilienea. Watu walijaa ufukweni na nguo zao za kanisani, wakauziana karanga. Papa wa wavuvi alivaa kofia. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwenyeji, niliwaeleza wageni maji yetu: bidoni, kuta, waogaji, mitumbwi.

Mmoja wao, kijana mrefu aliyeteleza vizuri kuliko sisi sote, alikuwa anafunga mkanda wake huku akitazama pembeni. Alipoingia majini alianza kuruka juu, juu sana, karibu na watoto waliokuwa wanaoga. Watu walishangilia. Aliporudi kupumzika nilimfuata.

"Kaka, unaruka vizuri. Lakini ruka kule nje. Hapa kuna watoto."

Alimgeukia mwalimu. "Huyu mama ni nani?"

"Ndiye mwenye ufuko," mwalimu akajibu.

Kijana aliinua mabega, akarudi majini. Nami nikarusha changu, nikatoka. Upepo ulikuwa umeshika kutoka kusini, mzito, wa kulingana. Nilikuwa naelekea nje, mkono wa kulia mbele, nilipomwona anarudi kwa kasi moja kwa moja kwangu. Njia ilikuwa yangu mara mbili: natoka ufukweni, na mkono wangu wa kulia uko mbele. Nilimpigia kelele. Hakupinda. Nikaona kudai haki yangu hakutanisaidia nikiwa nimevunjika mbavu, kwa hiyo nilipinda mapema upande unakoelekea upepo, nikashusha kishada changu chini kabisa. Yeye alitakiwa ainue chake na kupita. Akaruka. Kishada chake kilipiga mzunguko, kikashuka juu ya kamba zangu, na vishada viwili vikakumbatiana.

Kilichofuata sikukifikiria. Vishada vilianza kuzunguka pamoja na kutuvuta sote wawili, kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia mwilini, kuelekea kuta zile. Mkono wangu ukasukuma kishikio chekundu. Changu kikafa. Chake kiliendelea kuvuta, naye ameng'ang'ania fimbo kwa mikono miwili.

"Ua!" nikapiga kelele kwa sauti ya mwalimu wangu. "Sukuma nyekundu! Ua!"

Akasukuma. Chake nacho kikaanguka majini.

Tulikuwa tunaelea, upepo unatusukuma taratibu kuelekea kwenye nondo. Kijana alikuwa ameshika kamba iliyomzunguka mguuni, anaivuta kwa hasira, huku ameizungusha kiganjani.

"Toa mkono!" nikamwambia. "Ikikaza itakukata vidole. Tulia, niachie mimi."

Nimefumua nyuzi zilizofungana maisha yangu yote. Uzi uliofungana hauvutwi; unalegezwa hadi wenyewe uonyeshe ulikoingilia. Nilipiga mbizi, nikaifuata kamba kwa vidole, nikaitoa mguuni kwake, nikatenganisha zangu na zake. Nilipoinua kichwa, mtumbwi wa papa ulikuwa unakuja, makasia mawili yanapiga maji, kofia yake haipo tena.

"Panda, mama!"

"Mchukue yeye kwanza, na kishada chake, na mbao zetu zote mbili. Mimi nina chombo."

"Chombo gani?"

Nilizungusha kamba zangu kwenye fimbo, nikajivuta hadi kwenye kishada, nikalalia ukingo wake wa mbele, ule unaojazwa hewa kwa pampu kabla ya kurushwa, na kushika ncha zake mbili. Kikawa tanga. Upepo uleule uliokuwa unanipeleka kwenye kuta nikaupokea kwa ubavu, nikaegemea kushoto, na kidogo kidogo njia yangu ikapinda. Nondo ya kwanza niliiona ikipita kwa mbali, halafu sikuona nondo tena, niliona mchanga. Papa alikuja nyuma yangu na mtumbwi, hanigusi, ananisindikiza tu, na nilimsikia anawaambia wenzake, "Muache. Anajua."

Nilitoka majini kwa miguu yangu, kishada begani. Kelele ya ufuko ule sijawahi kuisikia hata siku ya harusi yangu. Yaya alinifikia wa kwanza, akanipiga begani, akanikumbatia, akanipiga tena.

Kijana aliposhuka kwenye mtumbwi, watu walimpisha njia. Alitembea hadi kwangu, akasimama akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, nisamehe. Njia ilikuwa yako."

"Nimekusamehe. Sasa nenda kasalimie wenye maji."

Akaenda. Alimpa papa mkono, akampa na mama wa wafuaji, na nilimwona papa akimwelekeza kwa kidole: bidoni, kuta, watoto.

Upepo ulikuwa bado upo. Nilikagua kishada changu mshono kwa mshono. Hakuna uzi uliokatika. Yaya aliniona napiga pampu tena, akanishikia ubao hadi nilipoingia majini.

Niliteleza nje, nje kabisa, hadi nyumba za Uvira zikawa ndogo chini ya milima na nikaweza kuona ufuko wote hadi Kavimvira. Pale nilipozoea kuanguka, sikuwaza miguu yangu. Nilipeleka kishada upande wa pili, nikahamisha uzito, nikahisi ubao unasita chini yangu, kisha ukashika. Nilikuwa nimegeuka. Nilikuwa nimesimama! Nilipiga kelele peke yangu katikati ya ziwa, maneno ambayo hayakuwa Kiswahili wala lugha nyingine yoyote, na nikarudi nyumbani kwa mbio moja bila kulowana kichwa.

Karibu na nchi kavu mtelezaji hugonga kichwa chake kwa mkono, kuomba mtu akidake kishada kinaposhuka. Siku zote mwalimu au Yaya ndiye aliyenidakia. Nilipogonga kichwa siku ile, niliona papa wa wavuvi akiwapita wote wawili, ameinua viganja vyake vya lami.

"Leta," akasema. "Leta polepole, mama. Niko hapa."

Nikamshushia mikononi.