Fundi wa Saa Aliyechukia Wafalme

Fundi wa saa pale karibu na stendi ya magari ya Moiben anachukia wafalme kuliko kutu. Sarafu anazokusanya ni za Misri tu, zile za miaka ya kwanza ya jamhuri, baada ya mfalme kufurushwa. Yenye sura ya mfalme haitaki hata bure. "Hizi ni za wananchi," humwambia kila mteja, akizipangusa moja moja kwa kitambaa cheupe kama anayemwogesha mtoto mchanga. Mwananchi mwenyewe husimama juani, maana stuli ni moja na ni ya fundi, na saa yako itakuwa tayari siku atakayopenda yeye.

Bridgit, mwalimu kutoka mtaa wa Kimumu, alisimama hivyo miezi minne akifuatilia saa ya marehemu baba yake. Siku moja akarudi tena; kesho yake ilikuwa ibada ya ukumbusho wa baba huko Siaya. "Madam, rudi Jumatatu," fundi akasema bila kuinua macho. Bridgit akachukua sarafu moja mezani, akaishikilia juu ya mtaro wa maji machafu.

"Fundi, ni saa leo, ama hii iende."

"Madam! Shika pembeni, usiguse uso!"

Vidole vilivyokuwa vizito miezi yote vikapata mbio za wanariadha wa Kaptagat. Dakika kumi tu, saa ikaanza kutembea. Bridgit aliiweka sikioni, akasikia mlio uliokuwa ukimbembeleza utotoni alipolalia mkono wa baba, akatamani kumshukuru fundi na kumzaba kofi kwa wakati mmoja.