Mtaro Niliochimbisha Umenitenga na Mungu Wangu

Admin, naomba ufiche jina langu na la kanisa letu, maana wengi wanaoniita mama wa maombi wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, naishi upande wa Mitaboni, Machakos. Watoto wangu wako mbali na maisha yao, hupiga simu wakikumbuka. Nyumbani nimebaki na ng'ombe mmoja, kuku, na upweke ambao sikuujua hata mwaka ule nilipomzika mume wangu.

Mume wangu alipokufa sikuwa peke yangu. Nilikuwa naongea na Mungu nikikamua, nikichota maji, nikipalilia, na nilijua ananisikia, kama unavyojua kuna mtu chumba cha pili hata kama hajakohoa. Sasa ni miaka minne naongea na nyumba tupu. Nafunga, napiga magoti, najisikia nasema maneno tu. Cha ajabu ni kwamba nikiwaombea wengine wanajibiwa. Mama mmoja alikaa miaka tisa bila mtoto, nikamwekea mikono, leo ana mapacha. Kanisa lilishangilia. Mimi nilirudi nyumbani nikalia, nikimwonea wivu mtu niliyemwombea mwenyewe.

Sababu naijua, sitawadanganya kwamba siijui.

Shamba letu limepakana na la Mueni (si jina lake), mjane wa mdogo wa mume wangu. Ni mashamba membamba, na baba mkwe aliyagawa kwa safu ya mikonge. Mueni alipofiwa alichukua watoto wake akaenda kushona nguo kiwandani EPZ, Athi River, na mimi nikasema moyoni, huyo ameenda, ataolewa huko, harudi. Sisi akina mama hapa tuna mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu: leo kwako, wiki ijayo kwangu. Zamu yangu ilipofika walikuja kumi na watano na majembe yao, kunichimbia mtaro ili mvua isibebe udongo. Wakaniuliza waanzie wapi. Nilikuwa nimesimama penye mikonge. Nikatembea hatua nne ndani ya shamba la Mueni, nikachora mstari chini kwa panga, nikasema hapa. Hakuna aliyebisha. Mimi ndiye niliyefungua kazi kwa maombi asubuhi hiyo, nani angebisha? Kufikia saa saba mikonge ilikuwa imeng'olewa na mtaro umekwisha, na wao wanaimba. Niliwapikia vizuri siku hiyo, hata nyama niliweka.

Kile kipande nilikipanda michungwa. Imezaa, na machungwa yake ndiyo niliyopeleka kanisani siku ya mavuno. Mchungaji aliyainua juu watu wayaone.

Msidhani sijaomba msamaha. Nimeomba mpaka nimechoka, lakini nikitoka kwa magoti naenda kuchuma. Mwaka huu nilimwendea mchungaji nikamuuliza kijanja kama Mkristo aliyekataa kutubu anaweza kusikiwa. Alidhani namuulizia mmoja wa wanawake ninaowaongoza.

"Mama, Mungu si kiziwi," akasema. "Lakini huyo dada akiwa bado ameshika kitu ya mwenyewe, hiyo si toba. Mwambie arudishe kwanza, halafu aombe."

Kisha akanishukuru kwa kuwajali kondoo. Nilimchukia siku nzima.

Mwezi jana Mueni alirudi kujenga. Amepanga chumba sokoni, lakini kila jioni yuko jikoni kwangu. Ananiita mwaitu, yaani mama, ananimenyea viazi, ananichekesha na hadithi za huko kiwandani. Ni yeye tu anayeingia kwangu bila shida ya kuombewa. Akiondoka nakaa nikiangalia kiti alichokalia. Ninampenda, na hilo ndilo linalonimaliza.

Jumanne fundi alikuja kupima kiwanja. Mimi mwenyewe nilishika ncha ya kamba. Akapima mara mbili, akasema mahali ni pembamba, nyumba ya vyumba vitatu haitoshei, itabidi kile cha watoto kiondolewe. Mueni akaangalia mtaro kwa muda mrefu. Nikajua siku yangu imefika.

"Nilikuwa nakumbuka shamba ikiwa kubwa," akasema. "Labda nilikumbuka vibaya, mwaitu. Nilikuwa bado mgeni hapa."

Mlango wa kukiri alinifungulia yeye mwenyewe. Mimi nikaendelea kukunja kamba ya fundi. Akamwambia fundi aondoe chumba cha watoto, halafu akanishika mkono.

"Jumamosi wanachimba msingi. Ukuje uombee hiyo shamba kabla jembe iguse chini. Mimi hapa sina mwingine."

Nikaitikia. Mdomo wangu uliitikia wenyewe.

Nikisema ukweli, nitampoteza huyu mtu mmoja niliyebaki naye, na wale wanawake kumi na watano watajua nilitumia mikono yao kumwibia mjane, kisha nikawafundisha kuomba. Hapa kwetu hilo halisahauliki. Nikinyamaza, nyumba itajengwa, watoto wake watalala sebuleni, na mimi nitakuwa nimeibariki. Nimejaribu kufikiria nitakachomwambia Mungu nikiwa nimesimama pale na watu wamefumba macho. Sipati hata neno la kwanza.

Leo ni Alhamisi. Kama kuna aliyewahi kurudisha kitu cha mtu na bado akabaki na yule mtu, aniambie alianza vipi kusema. Matusi nitayasoma pia, ni haki yangu. Ila tafadhali, asiniambie mtu niombe kwanza.