Cheche na Upande wa Pili wa Mlima

Cheche alipofika juu ya mlima alikuwa bado amekaa kwenye tandiko la baiskeli, na hicho ndicho kilichomtia hofu. Miguu iko kwenye pedali. Shati mgongoni kavu. Akasimama kando ya njia, akajishika kifua kama mtu anayetafuta pochi, akausikiliza moyo. Moyo ulikuwa unadunda zake kistaarabu, kama umetoka dukani kununua sabuni.

Akadhani amekosea mlima. Akatazama huku na huku. Tangi la maji la shule lile pale. Duka la fundi cherehani lile pale, tena na mlango wa nyuma ambao hajawahi kuuona maishani, maana siku zote alikuwa anatokea mbele, na akiondoka hageuki nyuma. Mlima ni ule ule. Yeye ndiye aliyefika bila kufa.

Ngoja nimweleze, maana ukimkuta pale kaduwaa njiani unaweza kumdhania mgonjwa. Cheche ni mnoa visu. Baiskeli ndiyo kiwanda chake: anaisimamisha kwenye stendi, gurudumu la nyuma linaning'inia hewani, mkanda unatoka gurudumuni unazungusha jiwe lililofungwa juu ya bomba la fremu, naye anakanyaga pedali kwa nguvu zote asiende popote. Cheche zinaruka, watoto wanakimbia, na jina ndilo hilo. Visu, mikasi, mapanga, kila wiki anavizungukia vijiji vya mlimani kwa vile vijia vyembamba vya katikati ya mahindi na mikaratusi, ambako gari likipita ni habari ya kuongelea siku mbili, na mbwa wanalala katikati ya barabara kama wameilipia.

Kazi alirithi kwa baba yake. Njia pia alirithi. Marehemu alikuwa anatokea mjini kwa upande wa mashine ya kusaga, anapandia ule ukali tunaouita Kata Pumzi, anapita vijijini huko juu, halafu anarudi kwa upande wa pili, ule mrefu unaoteremka polepole kama bibi harusi. Sasa Kata Pumzi hakupandwi kwa kukanyaga pedali. Unashuka, unaegemeza kifua kwenye usukani, unasukuma baiskeli na jiwe lake kama unasukuma ng'ombe asiyetaka kuchanjwa. Cheche alipokuwa kijana alimwuliza baba yake mara moja tu kwa nini wanapita huko. Mzee akamjibu, "Sisi tunaanza na gumu," akaendelea kusukuma.

Basi neno likamwingia. Akalea watoto wake nalo. Sufuria lenye ukoko ndilo la kuoshwa kwanza. Hesabu kwanza, kuchora baadaye. Alilisema kwenye harusi ya binti yake, kipaza sauti mkononi, watu wakapiga makofi. Mkwewe aliponunua mashine ya kufulia nguo, Cheche alisikitika waziwazi, akawauliza hao watoto watakaozaliwa watajifunzia wapi maisha.

Magoti ndiyo yaliyoanza kubisha. Daktari wa zahanati aliyabonyeza, akayasikia yanalia kama bawaba, akamwambia mambo ya kusukuma mzigo ule mlimani yameisha. Hayatapungua, yameisha. Mke wake, ambaye kila jioni alimchua kwa dawa mpaka mwenyewe akawa ananuka kama mchezaji wa mpira, akaongea na kaka yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ikapatikana kazi ya getini: kiti, filimbi na kofia. Aanze Jumatatu. Cheche akakubali kama mtu anavyokubali kung'olewa jino. Lakini usiku alikuwa anajigeuza kitandani. Getini hakuna atakayemwita Cheche. Getini utaitwa "wewe mzee, fungua."

Kwa hiyo safari hii ilikuwa ya kuaga. Kwenye mfuko alikuwa na vyombo vya watu alivyovinolea nyumbani, ukiwemo mkasi mkubwa wa fundi cherehani wa kule juu, mama mmoja mkali aliyekuwa na gauni la harusi la kukata siku hiyo hiyo. Alipofika chini ya Kata Pumzi akakuta lori la mbao limelala ubavu, limeziba njia kutoka ua hadi ua. Wanaume wamesimama mikono kiunoni wanashauri. Akawauliza litatoka lini, wakamwambia hata dereva anataka kujua hilo.

Akazunguka upande wa pili huku analaani. Alijiambia atakanyaga pedali mpaka mlima utakapoanza, kisha atashuka asukume. Akapita kona ya kwanza chini ya mikaratusi. Mlima haujaanza. Kona nyingine, mbwa mmoja akafungua jicho akalifunga. Bado. Akawa anausubiri mlima uanze, anausubiri kwa heshima kabisa, mpaka akajikuta ameumaliza.

Ndipo walipomkuta wale waendesha baiskeli wa mazoezi, wa kaptula za kubana, ambao kila mwisho wa wiki huja na baiskeli nyepesi kama vibanio vya nguo. Miaka nenda rudi alikuwa anapishana nao Kata Pumzi, wao wanashuka, yeye anasukuma, na kimoyomoyo aliwahurumia: watu wanaojua kushuka tu. Dada mmoja wa kofia ngumu ya njano alipomwona alifunga breki nusura aanguke.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Kocha ndiye nani?"

Dada wa watu akaona haya. Akaeleza kwamba kwenye kikundi chao ndivyo wanavyomwita. Mtu akilalamika kachoka, anaambiwa amfikirie Kocha. "Tunajua unapandia kule makusudi, mzee. Sisi tulijaribu na hizi baiskeli zetu, tukarudi."

Cheche akauliza polepole, kama mtu anayeuliza majibu ya maabara, "Kwani watu wote wanapandia huku?"

"Hata punda wanapandia huku," akasema yule dada, halafu akauona uso wake, akaanza kukaza kofia ambayo haikuwa imelegea.

Mkasi aliupeleka. Fundi alimwuliza mara mbili kama anaumwa. Vyombo vingine alivigawa bila kukumbuka kumuaga mtu hata mmoja, akateremka alikopandia, akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Alimkuta barazani anakunja nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo hujalowa jasho?"

Akamwuliza hapo hapo, hata maji hajanywa: kwa nini baba alikuwa anapandia Kata Pumzi? Bi mkubwa akamaliza kukunja shuka, pembe kwa pembe.

"Hakuwa na breki."

Alipolifunga lile jiwe, akaeleza mama, vyuma vya breki vikawa vinazuia mkanda, akaving'oa, akasema atavirudisha. Akashuka Kata Pumzi siku moja tu. Alipitiliza ua wa mwenye mashine ya kusaga, akaishia ndani ya banda la kuku, akarudi nyumbani na manyoya kichwani, akapiga marufuku jambo hilo kuzungumzwa. Tangu siku hiyo akawa anapandia kwenye ukali na kuteremkia kwenye ulaini, anabana tairi kwa soli ya mguu wa kulia.

"Kandambili za kulia zilikuwa zinaisha, za kushoto mpya. Nilikuwa nimezijaza ndani."

"Mama, mimi nina breki."

"Najua, baba. Mbele na nyuma."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Baba yako aliona aibu. Mimi nikadhani unapenda." Akachukua foronya. "Ule msemo wako mpaka kwenye harusi uliusema, watu wakapiga makofi. Ningekukatiza?"

Cheche alikaa kwenye ngazi. Aliyatazama magoti yake kama watoto waliochapwa kwa kosa la jirani. Akaikumbuka miaka, akaikumbuka ile mikono ya mkewe kila jioni, akakumbuka kwamba mkwewe anamdai radhi juu ya mashine ya kufulia. Hasira ilimjia kidogo, ikakosa pa kukaa. Marehemu humgombezi, na banda la kuku halipo tena.

Kisha akatoa simu akampigia shemeji yake. Akamwambia asante sana, lakini amtafute mtu mwingine wa getini.

Shemeji akauliza kama magoti yamepona.

"Hayajapona. Nimegeuza njia. Nitapandia upande wa mikaratusi, Kata Pumzi nitashukia."

Shemeji naye kwao ni milimani huko huko.

"Shemeji," akasema, kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga sakafu mbichi, "kwani siku zote hizi ulikuwa unapandia wapi?"

Cheche akautafuta uongo, akaukosa.

"Huko huko," akasema, akaishikilia simu mbali kidogo na sikio, akasubiri.